Mnana, shore na watoto wasio wao

Swali limetoka kwa bibi mmoja wa Shella, Malindi:

"Uani kwangu pana mnazi uliojaa viota vya minana, wale wa manjano wenye kichwa cheusi. Wiki iliyopita nilimwona mnana jike akimlisha kinda wa ajabu juu ya ua wa asumini. Ana madoa kifuani, mdomo mwekundu, analia bila kupumua, na kwa umbo amekaribia kulingana na huyo anayemlisha. Kwa mnana hafanani hata ukucha. Siku hizo hizo shore, ambaye kiota chake mlimauni kilivunjwa na kurabu, yule kunguru wa mjini, amekuwa akipeleka viwavi kwenye tundu la ukuta ambamo shomoro wana watoto wao. Mzee wangu asema hiyo ni rehema, ndege nao hulea mayatima. Jirani asema yule mwenye mdomo mwekundu ni mwizi, nimtoe nimtupe kabla hajawamaliza minana. Mjukuu wangu yeye ataka kumfuga. Nani mkweli?"

Shikamoo, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu, maana kwa wiki moja umeona yale ambayo vijana ninaowatembeza msitu wa Arabuko-Sokoke huyatafuta msimu mzima wasiyapate. Tena umeyatazama vizuri. Umetaja rangi ya mdomo, umetaja madoa ya kifua, umetaja kiota kilivunjwa na nani. Bila hayo matatu ningekuwa napiga ramli.

Nianze na jibu lenyewe. Ulichokiona si kitu kimoja, ni viwili. Mnana wako amedanganywa. Shore wako hakudanganywa na yeyote: amepotelewa na watoto, na ile kazi ya ulezi iliyokuwa mwilini mwake haijaisha. Kwa mbali yote mawili ni ndege anayetia kiwavi kinywani mwa mtoto asiye wake, ndiyo maana mzee wako na jirani wanabishana hawaelewani. Kila mmoja anasema habari za ndege wake.

Kinda mwenye mdomo mwekundu kama marijani, madoa na michirizi kifuani, na kilio chembamba kisichokatika, akilishwa na mnana, ni mtoto wa kekeo. Kekeo wako wa aina nyingi. Huyu ni yule mdogo wa kijani, ambaye wataalamu humwita Chrysococcyx caprius. Dume wake bila shaka umekwisha kumsikia, ila hukujua ni nani. Mvua zikianza hukaa juu kabisa ya mti akaita "dii-dii-dii-didirik", tena na tena, hata wakati wa jua kali ambapo ndege wengine wamenyamaza. Ukimwona kwenye mwanga, mgongo wake ni kijani chenye mng'aro wa shaba, tumbo jeupe, jicho jekundu. Anafuata mvua, kiangazi kikikaza hutamsikia tena.

Ndege huyu hajengi kiota wala haatamii. Kila kekeo wa kijani unayemwona amelelewa na ndege wa aina nyingine, hasa minana na jamaa zao, na pengine shomoro. Jike hukaa kimya karibu na mti wenye viota akitazama nani ameshaanza kutaga. Mwenye kiota akitoka, yeye huingia, hutoa yai moja la mwenyeji, hutaga lake, akenda zake. Ni kazi ya sekunde chache. Yai lake huanguliwa mapema kidogo kuliko ya mwenye nyumba. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo watu walikataa kuliamini kwa miaka mingi: kinda huyo, angali uchi na macho hayajafunguka, hujipenyeza chini ya yai lililobaki, akalibeba mgongoni, akapanda nalo kinyumenyume ukingoni, akalimwaga nje. Halafu hurudi kuchukua jingine. Aliyeeleza tabia hii kwa uangalifu, kwa kekeo wa Ulaya, ni daktari Mwingereza Edward Jenner mwaka 1788, na wengi hawakumsadiki. Ndiye Jenner yule yule aliyekuja kutuletea chanjo ya ndui.

Kwa hiyo jirani yako ana haki ya kusema mwizi. Ila mali imeshaibwa zamani. Kinda ukimwona juu ya ua wa asumini ana manyoya na anaruka, mayai ya mnana yule yalikwisha kumwagwa wiki tatu au zaidi zilizopita. Ukimtupa leo huwarudishii minana kitu.

Kuna picha watu wanatumiana kwenye simu, ndege mdogo kama kidole amesimama begani kwa kinda mkubwa kama njiwa, akimlisha. Hiyo ni ya kweli, lakini ni ya Ulaya: kekeo wa kule hufika gramu 100 na zaidi, na yule ndege wa matete anayemlea ana gramu 12 hivi. Wetu wa kijani hana makuu hayo. Amelingana na mnana, pengine mnana humzidi kidogo kwa uzito. Naona ulivyoandika "amekaribia kulingana", na hilo peke yake lilinifanya niamini macho yako.

Sasa usije ukamwona mnana mjinga. Ndege huyu ana ulinzi, na ulinzi wake uko kwenye yai. Ukipata nafasi ya kuona mayai ya viota kadhaa vya minana wenye kichwa cheusi, kwa mfano upepo wa kusi ukiangusha kuti lenye viota, utashangaa: huyu mayai yake meupe, yule ya buluu-kijani, mwingine ana madoa, mwingine hana. Lakini ndani ya kiota kimoja yote ni pacha. Kila jike ana rangi yake na hutaga hiyo hiyo maisha yake yote. Ni kama kamba moja ya kuanikia kanga za nyumba tatu: zimechanganyika, lakini kila mama anaijua yake kwa jina na kwa pindo, na ya mgeni ikiingia inaonekana. Yai lisilofanana na mengine mnana hulitoa akalitupa. Kekeo naye hujitahidi kupata kiota chenye mayai yaliyo karibu na rangi ya lake. Akibahatika, ndiyo hayo uliyoyaona.

Tunajuaje kwamba rangi hizo ni ulinzi, si urembo? Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda sana. Minana wa aina hii hii walipelekwa na watu visiwani: Hispaniola, kile kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika, tangu karne ya 18, na Mauritius mwaka 1886. Kekeo wa kijani hakupelekwa. Mtafiti David Lahti alikwenda kuyapima mayai ya huko, akachapisha matokeo mwaka 2005. Mayai ya majike tofauti yalikuwa yameanza kufanana, na yale ya jike mmoja hayakuwa tena pacha kama ya huku Afrika. Mwizi akikosekana mtaani kwa miaka mia, watu huacha kutia alama kanga zao.

Ila tazama ulinzi huo ulipokomea. Uko mlangoni, kwenye yai. Yai likishapita, ndani hakuna askari. Kinda akiwa na mdomo mwekundu, sauti ngeni na mavazi ya kwao, mnana humlisha tu. Hapa ndipo watu wengi hukwama: ndege aliyeweza kutambua doa dogo juu ya yai anashindwaje kutambua mtoto mzima?

Mama, hukuwahi kumwekea kuku mayai ya bata? Nyumbani kwetu tulifanya hivyo kila mwaka, kwa kuwa bata wetu alikuwa mtembezi, hakai. Mayai ya kuku huchukua siku 21. Ya bata huzidi hapo kwa wiki moja au mbili. Kuku hahesabu, hukaa. Vifaranga wakitoka na midomo bapa na miguu yenye ngozi katikati ya vidole, huwaongoza kuchakura kama wake. Mvua ikinyesha likapatikana dimbwi, wao hujitosa, na yeye hubaki ukingoni akizunguka na kupiga kelele watoto wanakufa maji. Hata hapo hasemi, "Kumbe hawa si wangu." Anawasubiri watoke.

Kwa kuku yule, na kwa mnana wako, kanuni ya mwilini ni fupi: kilichomo kiotani mwangu kikipanua kinywa, kitiwe chakula. Haisemi kinywa cha rangi gani. Na kanuni hiyo haina ubaya, maana kwa siku nyingi na viota vingi, anayepanua kinywa kiotani mwako ni mwanao. Ndege ambaye angesita kila mara, akamkagua kila kinda kabla ya kumlisha, huenda angemkataa mwanawe mwenyewe, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kudanganywa mara moja. Wako walioweka ulinzi wa pili. Huko Australia kuna vindege vidogo ambavyo mama huimba kwa mayai yake kabla hayajaanguliwa, na makinda wakitoka huomba chakula kwa sauti iliyo na ile alama ya wimbo wa mama, kama neno la siri la mlangoni. Lakini hao ni wachache.

Kekeo naye ameshaisoma kanuni ya kinywa, akaigeuza kuwa mtaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nick Davies, Rebecca Kilner na David Noble wa Cambridge, Uingereza, walijiuliza kinda mmoja wa kekeo anawezaje kumfanya ndege wa matete alete chakula cha kutosha watoto wanne. Wakamweka kiotani mwa ndege huyo kinda wa ndege mwingine, mkubwa sawa na kekeo. Wazazi walimlisha, lakini si kwa kiasi kile. Kisha wakatega spika ndogo kando ya kiota, na kila kinda alipoomba, spika ikatoa kilio cha kekeo. Wazazi wakaongeza mwendo mpaka wakawa wanaleta chakula sawa na cha kekeo. Siri ilikuwa kwenye sauti. Kekeo mmoja hulia kama kiota kizima cha watoto wenye njaa. Ndicho hicho kilio ulichosema "bila kupumua".

Japani kuna kekeo mwingine aliyefika mbali zaidi. Kinda wake ana kipande cha ngozi ya manjano chini ya bawa, rangi ile ile ya ndani ya kinywa chake. Akiinua bawa, mlezi huona kama kinywa cha pili, na mara nyingine hujaribu kutia chakula kwenye bawa. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, halafu nikamwonea huruma mlezi.

Huko North Carolina, Marekani, ndege mwekundu aitwaye kardinali aliwahi kupigwa picha akilisha samaki wa bwawa la bustani. Samaki wamezoea kuletewa chakula na watu, kila wakiona kivuli hupandisha vinywa juu ya maji. Kardinali alikuwa na mdomo uliojaa wadudu na mbele yake vinywa vimepanuka. Akavijaza.

Samaki hao wanatuleta kwa shore wako, maana kardinali yule hakuibiwa na samaki. Hakuna aliyemtegea. Alikuwa na chakula na hamu ya kukitoa, basi.

Ndege akishaatamia na kuangua, mwili wake huwa na homoni iitwayo prolaktini kwa wingi, nayo inakwenda pamoja na ile hali ya ulezi: kukaa juu ya mayai, kutafuta viwavi laini, kurudi kila dakika chache. Kurabu akija akachukua makinda wote kwa asubuhi moja, kiota kimekwisha lakini hali ile haizimiki kama taa. Shore huenda akaendelea kukamata viwavi na kubaki navyo mdomoni, anaruka tawi hili na lile. Mita chache pembeni kuna tundu la ukuta, na ndani yake makinda wanne wa shomoro wanalia. Mengine umeyaona mwenyewe.

Si shore wako peke yake. Mwaka 1982 mtafiti Marilyn Shy alikusanya visa zaidi ya 100 vilivyoandikwa, vya ndege kulisha watoto wa aina nyingine bila kekeo yeyote kuhusika, na sababu zilizokuwa zikirudi ndizo hizi hizi: kiota kimevunjwa, viota viwili viko karibu mno, mwenzi amekufa, au dume amebaki na viwavi mdomoni huku jike wake bado anaatamia mayai yasiyokuwa na kinywa. Wakati mwingine majike wawili wa aina mbili hugombea tundu moja, wakataga humo wote, na anayeshinda akalea mchanganyiko. Wengi wa ndege hao ni wa bustanini na majumbani, nadhani kwa sababu mbili: huko ndiko viota hubanana, na huko ndiko kuna mtu kama wewe aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa akitazama.

Mzee wako akisema ni rehema, mimi sibishani naye. Sisi sote tumefundishwa kwamba hata mnyama akiinua kwato asimkanyage mwanawe, hiyo ni katika rehema iliyoteremshwa duniani. Ninachoweza kuongeza kama mtu wa ndege ni kwamba shore hajui kuwa hao si wake, wala hajui kuwa ni mayatima. Na si mayatima! Wazazi wao shomoro wapo, wanalisha, na nina hakika umewaona wakimfukuza siku za mwanzo kabla hawajamzoea. Wao wamepata mtumishi asiyelipwa.

Shore mwenyewe, usisahau, ni katika ndege wanaowekewa watoto. Yupo kekeo mweusi na mweupe mwenye kishungi ambaye hutaga kwenye viota vya shore. Kinda wake kwa kawaida hawamwagi wenzake nje, hushindana nao kwa chakula tu.

Kurabu sasa. Huyu ndiye ningependa jirani yako amkasirikie. Kunguru huyu wa kijivu shingoni si wa kwetu, ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka za mji, akavuka akaenea mwambao. Mombasa alionekana mwaka 1947, na leo Malindi nzima ni yake. Anakula mayai na makinda wa kila ndege anayemfikia. Kekeo humnyima mnana watoto wa kiota kimoja. Kurabu humaliza mnazi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, maana maneno matupu yalishindwa.

Na hapa pana kichekesho. Kwao Bara Hindi, kurabu mwenyewe ndiye mnana. Kuna ndege wa jamaa ya kekeo, koeli, dume mweusi mwenye sauti tamu, ambaye hutaga kiotani mwa kurabu, na kurabu kwa ujanja wake wote humlea. Washairi wa Kisanskriti tangu kale walimwita koeli "aliyelelewa na mwingine". Kurabu walipopanda jahazi na meli kuja huku, koeli hakuja. Wametua mahali pasipo na wa kuwadanganya.

Kwa upesi, ili usije ukawachanganya: dudumizi wako wa vichakani ni jamaa ya kekeo lakini hujenga na kulea mwenyewe, msimsingizie. Fumbwe dume mwenye mkia mrefu mweusi, anayesumbua ndege wengine kwenye nyasi, jike wake hutaga kwa vindege vidogo vya mbegu, na makinda wake wana alama za kinywani zinazofanana na za wenyeji. Wanakua pamoja bila kuuana. Mlembe, yule anayewaongoza Waboni wa bara ya Lamu kwenye asali, na ambaye tunamsifu kwa urafiki, ndiye katili kuliko wote: kinda wake huanguliwa na ndoano mbili kali kwenye ncha ya mdomo, akawauma watoto wa mwenyeji gizani mpaka wafe. Claire Spottiswoode na wenzake walilirekodi hilo kwa kamera ndani ya mashimo ya keremkerem, wale ndege wala nyuki, huko Zambia.

Nikuungamie kosa langu pia. Miaka ya nyuma, nikiwa na wageni kwenye magofu ya Gede, niliona kekeo wa kijani akimpa mwenzake kiwavi, na yule mwenzake akitetemesha mabawa kama mtoto. Nikawaambia wageni kwa sauti kubwa kwamba hapa, mabibi na mabwana, kekeo ametubu, analea mwanawe. Kumbe alikuwa dume akimposa jike. Ndivyo wafanyavyo: dume huleta kiwavi kama mahari, na jike hutetemeka kitoto. Ningetazama mdomo ningejua. Wa mtu mzima si mwekundu. Tangu siku hiyo, kabla sijasema nani analisha nani, naangalia kwanza anayelishwa ana mavazi ya mtoto au ya mkubwa.

Sasa ufanye nini?

Kinda wa kekeo mwache. Mbali na kwamba mayai yameshakwenda, yeye akikua ni mla viwavi, hata wale wenye nywele za kuwasha ambao ndege wengi huwakwepa, na mwenye milimau na asumini hana sababu ya kumchukia. Mnana jike atamlisha siku kadhaa zaidi, kisha siku moja kinda hatakuwapo. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini huyu huwa anawashinda wahenga: amelelewa mnazini katikati ya kelele za minana, na hatafuma jani hata moja wala kuimba wimbo wao. Ataondoka bila kuonyeshwa njia, na akirudi na mvua za mwaka mwingine ataita "didirik".

Viota vya minana usivikate. Ukuti mmoja ulionyolewa majani na minana haumuui mnazi.

Kwa kurabu, funika jaa. Matumbo ya samaki yasimwagwe nyuma ya jiko, yafukieni. Mlimau usiupogoe mpaka ukaangaza ndani; shore hutaka kichaka kizito. Na jambo moja ambalo watu hawalijui: usiende kukichungulia kiota wakati kurabu amekaa juu ya paa. Anakutazama wewe, na ukiondoka anakwenda kuona ulikuwa unatazama nini.

Paka afungiwe ndani asubuhi na jioni kwa wiki hizi mbili tatu. Najua ni rahisi kusema kuliko kumfungia paka wa Malindi.

Na mjukuu. Asimfuge, tafadhali. Kinda anataka kulishwa kila dakika chache tangu alfajiri hadi magharibi, viwavi na panzi laini, na mtoto anayekwenda shule na chuo hatoweza. Mkate uliolowekwa maziwa, ambao ndio watu hukimbilia kuwapa, huwaharibu tumbo. Akimkuta kinda chini mwenye manyoya, ampandishe kwenye tawi la karibu, amwache. Wazazi, wa kweli au wa kudanganywa, watamfuata kwa sauti. Akimkuta uchi, amrudishe kiotani. Kiota kikiwa hakifikiki au kimevunjika, chukueni pakacha dogo, mtandike majani makavu, mlitundike kivulini karibu na pale alipoangukia. Ile habari kwamba ndege humsusa mtoto aliyeguswa na mkono wa mtu si kweli, mguseni bila hofu.

Badala ya kufuga, mpe daftari. Akae barazani kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, ahesabu shore ameingia tundu la ukuta mara ngapi na shomoro mara ngapi. Nataka hizo hesabu, si maskhara. Shore akipoteza watoto hujenga tena upesi, na hapo ndipo atakapowaacha shomoro wajitegemee. Siku mjukuu atakapomwona amebeba kijiti badala ya kiwavi, aandike tarehe, kisha mniletee barua.